Nani Alibonyeza "Nakubali"?

Ruiru, saiba za karibu na steji, anayeomba nafasi ya chuo hashiki kipanya. Mwenye saiba ndiye huchapa: jina, kitambulisho, nambari ya simu ya mama. Saiti ya chuo ikiuliza kama umekubali sera ya faragha, yeye keshabonyeza ndiyo, wewe bado unatafuta hamsini mfukoni. Mama yuko sokoni Thika, hana habari.

Sasa niambie, nani amekubali?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe wazi, ya hiari, na mtu ajue anachokikubali. Sawa. Lakini inamwazia mtu aliyekaa na kompyuta yake, ana muda wa kusoma. Huyo mimi simjui.

Na si ati sheria haina meno. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Picha angalau mzazi huiona. Nambari haionekani, inakaa tu huko ndani.

Chuo kingeweza kumtumia mama ujumbe mmoja: nambari yako imeletwa hapa, ni sawa? Benki hutuma kodi kila siku, hazichoki.

Mimi niliacha masomo mwaka wa pili. Mama bado anapigiwa, anauzwa diploma. Kifungu cha 40 kinamruhusu kudai data isiyohitajika tena ifutwe. Kuna fomu ya kujaza, mtandaoni. Atajaziwa na mwenye saiba.