Maji Tuliyoyakuta



Katika Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka A, twasikia jinsi Bwana wetu Yesu Kristo alivyoketi, amechoka, kando ya kisima cha Yakobo, akamwomba maji mwanamke Msamaria. Mama yule alitamka jambo ambalo sisi wahubiri hulipita upesi: kwamba kisima ni kirefu, na kwamba Yakobo ndiye aliyewaachia. Alijua kuwa anateka urithi.

Sisi je, twajua? Wengi hudhani ya kuwa chini ya kila kisima upo mto usiokwisha. Sivyo. Mvua inyeshapo, sehemu kubwa hurudishwa angani na jua na majani ya mimea. Nyingine hukimbilia mitoni. Sehemu ndogo tu huzama, ikipenya polepole katika mchanga na nyufa za miamba. Mvuke hukaa hewani siku chache tu, bali maji yaliyozama huweza kukaa miaka mingi, pengine maelfu. Maji matamu ya dunia, zaidi ya nusu ni barafu, na karibu yote yanayobaki yamo ardhini. Mito na maziwa yote, hata Tanganyika na Nyanza, hayafiki sehemu 1 katika 100 ya maji hayo matamu.

Tutazame Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma. Visima vya hapo vimeunywesha mji kwa miaka mingi, na kina cha maji yake kimepimwa tangu miaka ya 1950. Vipimo vyaonyesha jambo la kushangaza: mara nyingi mvua hunyesha, mtama huota, lakini maji ya chini hayapandi. Kisha huja msimu wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño wa 1997/98, nayo hupanda sana. Mvua ile ile iliyobomoa barabara na madaraja, ambayo wengi waikumbuka kama balaa tupu, ndiyo iliyojaza ghala. Mtoto abatizwaye leo Dodoma huenda amwagiwa mvua iliyonyesha kabla wazazi wake hawajaoana. Na tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa wingi mwaka 2016, midomo imeongezeka. Mvua haikupewa taarifa.

Namkumbuka muumini mmoja, mtu wa sala, aliyechimba kisima uani mwake, akakitia kufuli wakati wa kiangazi. Nilipomwuliza, alinijibu, “Padre, fedha ni zangu.” Kweli, fedha za kuchimba zilikuwa zake, na kudai gharama ya mafuta ya pampu ni haki. Lakini maji? Hayo yaliangukia mashamba ya watu wengine, yakapita chini ya mipaka yao bila kuulizwa hati. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alifundisha waziwazi kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu.

Wala tusiwalaumu wenye pampu peke yao. Achimbaye choo mwinukoni, hatua chache kutoka kisima cha jirani, awanywesha watoto wa mwenziwe uchafu asiouona. Naye huenda kukomunika bila wasiwasi, kwa maana hakuna aliyemwambia kuwa hilo nalo ni la kuungama.

Nilimsimulia yule muumini habari za Isaka: jinsi alivyofukua visima vya baba yake Ibrahimu vilivyofukiwa na Wafilisti, na wachungaji walipomgombania, akawaachia viwili, akaenda kuchimba cha tatu. Siku ile hakunijibu neno. Kiangazi kilichofuata nilipita kwake. Kufuli lilikuwapo bado, ila limening’inia wazi. Kijana ameketi mlangoni akipokea shilingi za mafuta, na bibi mmoja mjane alipita na ndoo yake bila kuulizwa kitu.