Mtaji wa Maskini: Ni Hisani au Ni Biashara?

Tuliulizwa darasani: mtu akimpa fakiri mtaji wa biashara, kisha akamdai aurudishe, je, hiyo yaitwa hisani? Wako waliojibu upesi kuwa hisani ni kupa tu, basi. Mimi sioni hivyo. Apewaye chakula leo, kesho ataomba tena. Apewaye cherehani huenda asiombe tena. Na kumdai mtu ni kumheshimu, kwani hakuna amdaiye asiyemdhania kuwa aweza.

Uzito uko katika kile kinachodaiwa. Mwaka 1976 huko Bangladesh, mwalimu wa uchumi Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya dola 27 za mfukoni mwake, apate kuwatoa mikononi mwa wakopeshaji waliowanyonya. Ndipo ikazaliwa Benki ya Grameen mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki yake wakapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Hatuikanushi kheri hiyo. Lakini benki ile yatoza riba, na njia hiyo wameipita na wasiokuwa na huruma yake. Mwaka 2010, katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, mikopo midogo iliwalemea watu hata zikaenea habari za wadaiwa kujiua, na serikali ya jimbo ikaingilia kati. Baadhi ya wakopeshaji hao walikuwa wameanza kwa jina la hisani.

Pakistan wapo walioshika njia nyingine. Dakta Muhammad Amjad Saqib alianzisha Akhuwat mjini Lahore mwaka 2001, akopesha bila riba. Fedha hutolewa misikitini, na makanisani pia, mbele ya watu. (Nani atakayepokea mbele ya mimbari hali amekusudia kuzila?) Mfuko wategemea michango, na mkopaji aliyeinuka huombwa naye achangie.

Hata hivyo, deni lisilo na riba ni deni. Duka likiungua, mwenyewe hubaki na majivu na daftari. Fiqhi imetufunza mudharaba: pakiwa na khasara isiyotokana na uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake, mfanya kazi hupoteza jasho lake. Na katika mafungu manane ya zaka limo fungu la wenye madeni. Basi sisi tunaotaka kuanzisha mfuko wa mtaji mtaani kwetu, kabla hatujaandika jina la mkopaji wa kwanza, tuandike kwanza: siku chombo chake kitakapozama na nyavu zake, khasara itakuwa ya nani?