Mume ni msimamizi wa matibabu, si kizuizi

  

Ndugu Waislamu, leo napenda tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kusikika kwenye mimbari zetu: katika nyumba zetu, ni kichwa cha nani kinachohesabiwa kuwa na thamani ya kufikishwa kwa daktari bingwa wa ubongo?

Kijana wa bodaboda akianguka na kuumia kichwa, mtaa mzima husimama. Huyu anakimbilia polisi kuchukua PF3, yule anatafuta gari, na fedha huchangwa usiku huo huo. Hatimaye hufikishwa MOI pale Muhimbili, taasisi ya mifupa na ubongo iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Hilo ni jambo jema na tusiliache.

Sasa mtazame mama yake. Miaka miwili analalamika kichwa, kikimzidi zaidi asubuhi. Anatapika bila sababu. Macho yanapungua nuru. Siku moja anaanguka kifafa, naye hakuwahi kuwa nacho tangu utotoni. Hapo ndugu husema ni jini. Kinaletwa kisomo, linaandikwa kombe, anapewa panadol, na miezi inapita. Akitaja hospitali kubwa anaambiwa, "Subiri baba yenu arudi aamue." Baba akirudi anasema hana fedha, na wiki hiyo hiyo ananunua simu mpya.

Sikatai kuwepo kwa majini, kwani Qur'an imeyataja. Wala sipingi kisomo, maana Qur'an ni shifaa. Lakini Mtume (SAW) ametufundisha pia kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, na akatuamrisha tujitibu. Dalili nilizotaja zinaweza kuwa za uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Madaktari wanatueleza kuwa aina hiyo ya uvimbe huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume. Mara nyingi si saratani, na hukua taratibu. Ukigunduliwa mapema kwa kipimo cha CT scan, mara nyingi waweza kuondolewa na mgonjwa akarudi kwa wanawe. Ukicheleweshwa, macho huweza kupofuka moja kwa moja. Basi msomee mkeo ndani ya gari, njiani kwenda hospitali!

Wapo watakaosema: "Sisi ni wasimamizi wa wanawake, imo katika Surat An-Nisaa." Ni kweli, imo katika aya ya 34. Lakini aya hiyo hiyo imeufungamanisha usimamizi huo na mali ambayo wanaume wanaitoa. Msimamizi ni mwenye kubeba mzigo. Vipi cheo cha kubeba kigeuzwe kuwa kufuli la kumzuia mgonjwa asitoke mlangoni?

Wengine, wenye kusoma kidogo, huja na hoja nzito zaidi. Husema vitabu vya fikihi, vikiwemo vya madhehebu yetu ya Shafii, havikuhesabu malipo ya tabibu na dawa katika nafaqa ya mke. Sitaificha kauli hiyo, kwani ipo. Ila wanachuoni hao waliandika zama ambazo tiba ilikuwa jambo la nadra na matokeo yake ni ya kubahatisha. Sheikh Wahba al-Zuhayli wa Syria, miongoni mwa mafakihi wakubwa wa zama zetu, aliyefariki mwaka 2015, ameeleza kuwa leo tiba ni haja ya lazima kama chakula, bali huenda ikazidi, hivyo ni wajibu wa mume. Na akili inakubali. Ni wema gani wa ndoa, mtu astarehe na mkewe akiwa mzima, kisha akiugua amrudishe kwa baba yake akatibiwe huko?

Tumtazame Sayyidna Uthman bin Affan (RA). Mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walipotoka kwenda Badr, mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (SAW), alikuwa mgonjwa. Mtume (SAW) alimwamuru Uthman abaki Madina amuuguze. Bi Ruqayya alifariki, na habari za ushindi zilifika Madina wakati wa maziko yake. Hata hivyo Uthman alihesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa Badr, akapewa fungu lake la ngawira. Ikiwa kumuuguza mke kumepewa ujira wa Badr, wewe unayeshindwa kukosa siku moja dukani una udhuru gani?

Liko na jambo la watoto wanaozaliwa na kichwa kikubwa au mgongo wazi. Nimewatembelea wodini zaidi ya mara moja. Kwenye kila kitanda nilimkuta mama, akina baba wakiwa wachache mno. Baadhi ya wale kina mama waliniambia wameachwa kwa tuhuma kuwa wameleta mkosi katika ukoo. Subhanallah! Mgongo wazi hutokea katika siku 28 za mwanzo za mimba, kabla hata wengi hawajajua kuwa wana mimba. Upungufu wa foliki asidi ni mojawapo ya sababu, na ndiyo maana wanawake hushauriwa kutumia mikrogramu 400 kila siku tangu kabla ya kushika mimba. Kichwa kikubwa nacho ni maji yaliyokosa njia, na daktari huweza kuweka mpira wa kuyapeleka tumboni. Miaka elfu moja iliyopita, tabibu Muislamu al-Zahrawi wa Andalusia aliandika juu ya maradhi haya. Hakuandika kuwa ni mkosi wa mama.

Mwisho, wapo wanaokataa mke asiguswe na daktari mwanamume. Kuhifadhi sitara ni jambo zuri, lakini dharura ina hukumu yake, na uhai ni katika mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda. Cha ajabu, baadhi ya hao hao humwachisha binti yao masomo ya sayansi kidato cha pili. Huyo daktari mwanamke atashuka kutoka mbinguni? Bi Rufayda wa kabila la Aslam alikuwa na hema la kutibia majeruhi, na Mtume (SAW) aliamuru Saad bin Muadh (RA) apelekwe humo baada ya Khandaq. Misikiti yetu na iwasomeshe mabinti, na iwe na mfuko wa wagonjwa ambao mama anaweza kuuendea mwenyewe, bila kungoja mtu arudi safari.

Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi tujiandae na jibu.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na alainishe nyoyo zetu. Wabillahi tawfiq.