Kutembea kwa Kupenda na Kutembea kwa Lazima



Lugha yetu ina neno moja, kutembea, linalobeba mambo mawili. Mtu akienda kwa miguu anatembea. Na mtu aliyekwenda kwa shangazi yake akakaa siku tatu, hata kama gari lilimshusha mlangoni, naye husema alikwenda kutembea. Tangu nistaafu kufundisha nimepata nafasi ya kulifikiri neno hili, nami naona lina swali ndani yake: je, yawezekana mtu atembee katika nchi ya watu bila kuwa mgeni wa mtu yeyote?

Nauliza kwa sababu vijana wetu hapa Korogwe wameanza kupenda matembezi ya kupumzika, yale ya kupanda mlima kwa ajili ya kuona tu. Zamani jambo hili lilikuwa geni. Watu wa kijijini huenda kwa miguu kwa sababu: shamba, maji, kuni, shule, msiba. Hata Mwalimu Nyerere alipotembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka 1967 alikuwa na jambo la kuunga mkono, Azimio la Arusha. Na sisi tuliokuwa vijana mwaka 1983 tunaikumbuka Nguvu Kazi, wakati mtu asiyeweza kueleza shughuli yake mjini aliitwa mzururaji na kusakwa. Basi mtu mzima mwenye afya akikutwa kilimani saa nne asubuhi, hana jembe wala kapu, akiulizwa anakwenda wapi akajibu "natembea tu", si ajabu akitazamwa mara mbili.

Wako wanaosema kwamba matembezi haya ni anasa, na kwamba nauli ile ingemfaa mwenye shida. Mimi sikubaliani nao, ingawa nawaheshimu. Wanaosema hivyo hawasemi neno juu ya soda na nyama choma za Jumamosi. Kuitazama nchi yako kwa furaha hakumnyang'anyi mtu chakula chake. Lakini wanagusa jambo moja la kweli, nalo ni kwamba njia tunayoipita kwa kupenda, mwingine anaipita kwa lazima, siku hiyohiyo na saa ileile. Hapo ndipo penye swali.

Chukueni mfano wa Irente, ambako vijana walikwenda mwaka huu. Mpango ulipoletwa kwenye kamati, mzee mmoja mwenye nia njema alishauri tukodi Kosta itupeleke mpaka ukingoni kabisa na kutusubiri. Nilipinga. Sababu ya kwanza ilikuwa fedha: mchango ule ungewaacha nyumbani wale wale ambao huachwa kila mara. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuieleza kikaoni. Kwa Kosta tungefika Irente tukiwa bado Korogwe. Nyimbo zetu, chakula chetu, maneno yetu, hata vumbi ni la kwetu. Tungetazama, tungepiga picha, tungeondoka, wala hakuna mtu mlimani ambaye tungelazimika kumwambia hata "habari za asubuhi".

Basi la abiria halikuruhusu hayo. Ukipata linalokwenda Lushoto moja kwa moja, vema. Ukilikosa, panda lolote la njia ya Same na Moshi ushuke Mombo, ungoje gari la kupanda mlimani. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilometa 33, na katika kilometa hizo unapanda karibu mita 1,000, kona juu ya kona, genge upande mmoja na mwamba upande wa pili, mpaka Soni penye maporomoko ya maji kando ya barabara, kisha Lushoto penyewe. Muda wote huo umempakata mtoto wa mtu, au kikapu cha mtu kiko juu ya miguu yako. Ukitaka kushuka unauliza, ukitaka kujua njia unauliza. Unaanza safari ukiwa na deni la wema kwa watu usiowajua.

Jambo jingine nililoliona ni saa za magari. Magari mengi ya vijijini hushuka mjini alfajiri na kurudi mlimani mchana. Anayetaka kwenda Amani, ule upande wa mashariki wa Usambara, akifika Muheza asubuhi hukuta gari limekwisha kushuka, na litapanda baadaye. Basi hana budi kulala huko. Wageni hulalamika kwamba ratiba imepangwa vibaya. Haikupangwa vibaya hata kidogo! Imepangwa kwa ajili ya mama mwenye matunda ya kuuza na mgonjwa anayewahi hospitali, na sisi watazamaji tunaingia katika nafasi inayobaki. Kwangu mimi hilo ni somo zuri kuliko mengi niliyoyafundisha, na halihitaji ubao.

Amani yenyewe yanikumbusha habari ya ua. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, jina lake von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao ua dogo la zambarau la milima hii. Likapendwa, likazalishwa, hata leo linakaa katika vyungu madirishani kote Ulaya, na kwa miaka mingi lilijulikana kwa jina lake, Saintpaulia. Alipita, akaona, akapenda, akachukua. Sisi hatuchukui maua, lakini kwa simu zetu tunachukua nyuso.

Turudi Irente. Kutoka mjini Lushoto ni kama kilometa 6, mwendo wa saa moja na nusu au mbili kwa mtu wa umri wangu. Bodaboda watakuita kila kona. Wakatalie kwa adabu. Njia yenyewe haipiti porini kama wengi wanavyodhani. Inapita kando ya migomba, mahindi na maharage, karibu na nyua ambamo watu wanafua na kuanika. Ni njia ya watu. Kisha ghafla ardhi inakwisha, nawe unaona nyika yote imelala chini yako, mkonge wa Mazinde katika mistari kama daftari, na barabara kuu nyembamba kama uzi.

Tulipokuwa tukipanda tulipishana na mama mmoja mwenye mzigo mkubwa wa kuni kichwani. Vijana walimwamkia, akaitikia, akapita. Ndipo binti mmoja akaniuliza: "Mwalimu, huyu mama anatuonaje?" Kijana mwingine alitaka kurudi amchukulie mzigo. Nikamwambia amuulize kwanza. Mama akacheka, akasema nyumbani ni karibu, na kwamba mzigo uliokwisha kukaa kichwani ni taabu kuushusha na kuupandisha tena. Akatuuliza tunakwenda wapi. Tukasema, kutazama. Akasema basi, tutazame vizuri, maana asubuhi kulikuwa na ukungu.

Nimelifikiri sana jibu lile. Sidhani alituona wezi, wala sidhani alituona watakatifu. Na tusijidanganye kwamba kiti cha basi kilitufanya sawa naye. Sisi Jumatatu hatukuwa na kuni za kubeba. Kumbebea mzigo hatua mia moja bila kumuuliza ingekuwa kujifurahisha tena, safari hii kwa mgongo wake. Tulichokuwa tunadaiwa kilikuwa kidogo, nacho kilihitaji tuwe kwa miguu: kumpisha yeye mwenye mzigo, kumwamkia, kumjibu kweli alipouliza, kutompiga picha. Na kununua, kwa bei inayotajwa, bila kubishana kwa ajili ya shilingi mia, mapeasi na plamu zinazouzwa njiani. Penye kiingilio tukalipa. Mama alipouliza tunakwenda wapi, alitufanya wageni, na mgeni ana haki yake ya kukaribishwa na wajibu wake wa kuaga.

Vijana wanataka kwenda tena baada ya mvua za masika, safari hii hadi msitu wa Magamba, ambako vilevile hulipwa ada ya kuingia hifadhini. Anayetaka kufuatana nasi aje na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, sweta, maji, na nauli ya kwenda na kurudi katika fedha ndogo ndogo. Tutapanda basi la kwanza. Magari ya kushuka Mombo hupungua jioni, kwa hiyo saa nane mchana tutageuka, hata kama tutakuwa hatujafika tulikokusudia.