Wajibu wa Mwenye Mlango

Kutojua ni udhuru mwema kwa mtu aliyekosa njia ya kujua. Kwa mtu aliyekuwa na njia akaiacha, ni udhuru haba. Kipimo hiki ni cha kale, lakini siku hizi kimepata jambo jipya la kupima. Jambo hilo ni ruta, kisanduku chenye taa ambacho kila habari iingiayo nyumbani na kutoka kwa intaneti hupita ndani yake. Watu huchagua kufuli ya mlango wa mbao kwa uangalifu mkubwa; mlango huu wa pili aghalabu huachwa na neno la siri lililotoka nao kiwandani, ambalo huenda ni moja kwa maelfu ya nyumba.

Madhara ya uzembe huo yalionekana mwaka 2016. Programu iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikibisha katika ruta na kamera za nyumbani, na kujaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60. Palipofunguka iliingia, ikakifanya chombo mtumwa wake. Tarehe 21 Oktoba jeshi la vyombo hivyo liliishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiwaongoza watu kwenye anwani za mtandao, hata Twitter na Netflix zisipatikane kwa watu wengi wa Marekani na Ulaya. Vijana watatu walioiunda Mirai walikiri makosa mahakamani mwaka 2017. Wenye vyombo hawakushtakiwa. Je, hawakuwa na lawama yoyote?

Ni kweli kuwa aliyeibiwa shoka si muuaji kwa sababu shoka lake limeua. Lakini akisikia kishindo ghalani usiku asiamke, kesho hawezi kusema kuwa jambo halimhusu. Ruta nayo ina vishindo vyake: taa humeta bila kupumzika wakati nyumba nzima imelala, mwendo wa intaneti huzorota bila sababu, neno la siri hukataliwa ghafla, au atafutaye benki yake hupelekwa pengine, kwa kuwa mwongozo wa anwani umegeuzwa. Hapana hata dalili moja kati ya hizi iliyo ushahidi kamili, lakini kila moja ni mwito wa kuchunguza. Dawa nayo si elimu ya wachache. Mirai ilikaa katika kumbukumbu ya muda tu, na kukizima chombo na kukiwasha kuliifuta. Ila chombo kilichobaki na neno lile lile la siri kiliweza kutekwa tena baada ya dakika chache. Kwa hiyo mwenye busara huirudisha ruta katika hali ya kiwandani, hubadili neno la siri, hupakia programu mpya ya mtengenezaji, na hufunga njia ya kuitawala kutoka mbali.

Lakini uangalifu una pacha mbaya, naye ni shuku. Mwenye nyumba aonapo jina geni katika orodha ya vyombo vilivyounganishwa, upesi humfikiria mtoto wa jirani. Yamkini jina hilo ni la televisheni yake mwenyewe, au la simu ya mkewe, kwani simu nyingi za leo hutumia anwani za kubuni ili mwenye simu asifuatwe. Njia ya haki ni kuzima vyombo vya nyumbani kimoja kimoja na kutazama ni jina gani linalotoweka. Amshtakiye jirani kabla ya kazi hiyo ndogo ameulinda mlango akavunja ujirani, na ujirani hauuzwi dukani.

Wala mzigo wote si wa mwenye nyumba. Maskini aliyenunua ruta ya bei nafuu hakuchagua udhaifu wake, aliuziwa. Uingereza ilitambua hivyo, na tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria yake inakataza kuuza vyombo vya namna hii vikiwa na neno la siri moja kwa wote.

Liko swali gumu zaidi. Januari 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kuwa wapelelezi wake, kwa idhini ya mahakama, walikuwa wameingia katika mamia ya ruta za nyumba na ofisi ndogo, wakafuta programu ambayo wadukuzi waliosemwa kuwa wa serikali ya China waliitumia kujificha. Nyingi zilikuwa kuukuu, zilizoachwa na watengenezaji wake. Wenyewe hawakuombwa ruhusa kwanza. Tendo hilo liliondoa hatari. Hata hivyo, aingiaye kwa wema bila hodi ameingia bila hodi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ufa usiozibwa na mwenyewe huzibwa na mwingine, kwa masharti ya huyo mwingine. Kwa mtu apendaye uhuru wa nyumba yake, kubadili neno moja la siri ni kodi ndogo.