AMANA YA MAJI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuneemesha kwa maji, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya haya:

Huulizwa suala hili: mtu aliyewekwa kuangalia maji ya mji, akaandika kuwa ameyapima hali hakuyapima, naye aamini moyoni kwamba ni mazuri, je, yuna dhambi? Wako wasemao hana, kwani hakukusudia shari, na mwenyewe huyanywa maji yayo hayo.

Na wengine huzidi kutulia kwa yale waliyoyasoma chuoni katika mlango wa tahara. Sisi wafuasi wa Imamu Shafi'i twajua kwamba maji yaliyotimia kulla mbili hayanajisiki ila yageuke rangi yake, au tamu yake, au harufu yake. Basi mtu huyaona maji ya kisima meupe, hayana harufu, akasema: yatosha. Ndugu yangu, hukumu hiyo ni ya udhu na sala. Hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba kila kilicho tahiri hakidhuru. Mmea wenye sumu ni tahiri, na kuula ni haramu.

Sikilizeni khabari ya Walkerton, mji mdogo wa watu wapatao 5,000 katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada. Mwezi wa Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha, ikachukua samadi ya ng'ombe kutoka shambani, vijidudu vyake vikaingia katika kisima cha mji kisichokuwa kirefu. Mwenye shamba hakuwa na kosa. Lakini klorini, dawa ya kuua vijidudu hivyo, haikutosha. Na wenye kazi ya kuipima kila siku walikuwa kwa miaka mingi wakiandika daftarini hesabu za kubuni. Tarehe 17 msimamizi aliletewa khabari kwamba maji yameharibika, akaificha. Watu wa afya walipomwuliza, akawajibu kwamba maji ni salama. Hata tarehe 21 ndipo watu walipoamrishwa kuyachemsha. Walikufa watu 7, wakaugua zaidi ya 2,000. Jaji aliyechunguza aliilaumu na serikali ya jimbo kwa kupunguza fedha za ukaguzi. Na ilidhihirika kwamba wale wangalizi hawakumtakia mtu shari. Wao wenyewe walikuwa wakiyanywa maji ya visima bila ya dawa.

Basi jawabu ni hili: dhambi anayo. Kuandika kipimo ambacho hakikupimwa ni ushahidi wa uwongo, na nia njema haiugeuzi uwongo kuwa kweli. Kunywa kwake mwenyewe hakumwokoi. Aweza kujihatarisha nafsi yake, lakini koo za watoto wa watu si mali yake. Na aliyejua kisha akanyamaza, kosa lake ni kubwa zaidi, maana kila saa ya kimya chake ni gudulia jingine linalojazwa.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Kanada tu. Katika miji yetu ya pwani, iliyo juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, uchafu wa shimo la choo hupenya upesi ukafika kisimani, na maji yakabaki meupe. Mtume wetu alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Je, aliyechimba choo ubavuni mwa kisima cha jirani atajibu nini? Mwenye kisima na apime, na mwenye shaka achemshe, na aliyepata khabari ya ubaya aitangaze siku ile ile, hata ikimvunjia heshima.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa kutimiza amana. Amin.