Jiwe Moja, Hatima Mbili

Mgeni anayekuja Tanga kutembea huonyeshwa aghalabu mambo yale yale. Mjini huonyeshwa boma la Wajerumani na makaburi ya askari waliokufa katika mapigano ya Novemba 1914. Kisha hupelekwa kaskazini, mwendo wa kilomita 8 hivi, kuyaona mapango ya Amboni. Na kusini, yapata kilomita 20 kwa barabara ya Pangani, kuyaona magofu ya Tongoni. Pongwe kwetu hapelekwi. Akipita hapa huwa yumo ndani ya basi la Muheza na Segera, na akichungulia dirishani huona mkonge, vibanda vya biashara, na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1980. Hakuna aliyemwambia kwamba hapa pana la kutazamwa.

Walakini mwamba uliomo chini ya miguu yetu ni wa ukoo mmoja na ule wa Amboni. Ni jiwe la chokaa, ambalo wataalamu hulikadiria umri wa miaka milioni 150 hivi. Kule Amboni maji ya mvua yaliupenya mwamba huo, yakauyeyusha kidogo kidogo, hata yakachonga kumbi na vichochoro; na kila tone lililodondoka liliacha chembe ya chokaa, chembe juu ya chembe, mpaka mawe yakaning'inia darini kama viwele vya ng'ombe. Hapa Pongwe jiwe hilo hulipuliwa kwa baruti, likasagwa, likachanganywa na udongo na kuchomwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,450. Kule mgeni haruhusiwi kuvunja hata ncha ya jiwe. Huku huvunjwa kwa tani.

Mwaka mmoja, katika ziara ya mapangoni, mwanafunzi aliniuliza: “Mwalimu, kama jiwe ni moja, mbona hili twaambiwa tusiliguse na la kwetu linasagwa?” Swali hilo si la jiografia. Ni swali la maadili: ni kitu gani kinachokipa kitu kimoja haki ya kuachwa, na kingine kisiwe na haki hiyo?

Jibu la kwanza linalotujia ni uzuri. Amboni inapendeza, shimo la kuchimbia mawe halipendezi. Lakini uzuri huo ni wa jicho la nani? Watu wa vijiji vya jirani wameingia mapangoni kwa vizazi vingi na matambiko yao, wakaweka sadaka zao na kuomba. Hawakuingia kutazama. Kwao pango lilikuwa na haki kabla hajafika mtu wa kulisifu. Tukisema kizuri ndicho kihifadhiwe, tumempa mgeni mizani ya nyumba yetu. Na ole wa makaburi na mizimu ya vijijini ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuipiga picha.

Jibu la pili ni fedha: kihifadhiwe kinacholeta kiingilio. Mimi nasema jibu hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linageuka upesi. Siku saruji itakapolipa kuliko kiingilio, pango nalo lisagwe? Jibu la tatu ni umri, lakini hilo linaanguka lenyewe, maana jiwe la Pongwe si changa kuliko la Amboni.

Twendeni basi Tongoni. Pale pana gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa na nguzo, kazi ya karne ya 14 na ya 15. Yamejengwa kwa matumbawe na chokaa. Na chokaa hiyo ilitoka wapi? Wazee wale walikata matumbawe ya bahari, wakayapanga juu ya kuni, wakayachoma. Kwa hiyo nao walivunja jiwe ili wajenge. Hatuwezi kuwaheshimu waliojenga Tongoni na papo hapo kumlaumu kijana wa Pongwe anayetafuta mifuko kumi ya saruji ili mama yake asinyeshewe. Kuvunja peke yake si dhambi. Mwanadamu hana njia ya kukaa duniani bila kukigusa kitu.

Lakini katika nguzo zile za Tongoni pana vishimo vya mviringo. Humo zilichomekwa bakuli na sahani, nyingine zilizosafiri kutoka China, ziwe pambo la maiti. Leo vishimo vi vitupu. Waliozibandua hawakujenga nyumba kwazo wala hawakujisitiri na mvua. Walikuja, wakatazama, wakapenda, wakachukua. Hapo ndipo ninapouona mpaka tunaoutafuta. Waliochoma chokaa walichukua jiwe wakaacha msikiti. Waliobandua sahani walichukua kilichokuwa tayari kimekabidhiwa mtu, naye hawezi kusimama kudai.

Kwa maoni yangu, basi, haki ya kuachwa haitoki katika uzuri, wala fedha, wala umri. Inatoka katika amana. Kaburi ni amana ya aliyelala humo. Pango la matambiko ni amana ya walioliombea. Na tone la Amboni ni amana ya watoto ambao hawajazaliwa, kwa kuwa likivunjwa hakuna fundi wa kulirudisha. Kabla ya kugusa tujiulize maswali matatu: hiki kimekabidhiwa nani? Je, chaweza kurudishwa? Na ninachokichukua kitamsitiri nani?

Maswali hayo yanamhusu mgeni mwenye kamera, na yanatuhusu sisi wenyeji zaidi. Hata shimo la mawe haliponi mbele yake. Jiwe lililotoka Pongwe halirudi. Kwa hiyo nyumba, shule na madaraja yaliyojengwa kwalo yanapaswa kustahili gharama hiyo. Kumwaga saruji ovyo, au kujenga ukuta utakaobomolewa mwakani, ni utovu wa adabu kwa kitu kilichongoja miaka milioni 150.

Ndiyo maana ningependa mgeni wetu ashushwe Pongwe japo kwa nusu saa, aone jiwe likivunjwa, kisha apelekwe Amboni na Tongoni. Nao watoto wetu waongozane naye. Wakiviona vyote kwa siku moja, hawatahitaji kibao cha kuwakataza kugusa.